Kwa nini nauli ya Dar–Moshi inapaa Desemba: chambua swali hili kiuchumi, hatua kwa hatua

Wakuu, mi kazi yangu ni takwimu za biashara hapa Moshi, na kila mwisho wa mwaka naulizwa mbona tiketi ya kutoka Dar inakuwa ishu hivi, na anayeuliza anakuwa na jibu tayari mfukoni: wenye mabasi wana tamaa. Haya tulichambue.

Hatua ya 1: tupa jibu la tamaa. Sio kwamba hawana, wanayo sana tu, ila wanayo hata Machi na nauli ya Machi imetulia. Kisichobadilika hakiwezi kueleza kinachobadilika, kwa hiyo tafuta Desemba kuna nini kipya.

Hatua ya 2: angalia kila mhusika kabanwa wapi. Abiria ni Mchaga anaenda kuhesabiwa, yaani kurudi kwao Kilimanjaro kula sikukuu na ukoo, Krismasi huwezi kuisogeza Februari, so hata bei ikipanda atasafiri tu. Mwenye basi naye hawezi kununua magari ya wiki mbili. Halafu kuna hii ambayo wengi wanairuka: basi likishamwaga watu Moshi lazima lirudi Dar kubeba wengine, na tarehe 22 nani anaenda Dar? Linarudi siti tupu, mafuta yanaungua vile vile, dereva na konda wanataka chao vile vile. Hapo anayekuja huku Moshi analipia gari kwenda na kurudi, japo tiketi yake ni ya kwenda tu.

Hatua ya 3: jiulize, kama maelezo yangu ni kweli, nini kingine lazima kionekane? Bila hii unapiga stori za kijiweni tu. Nenda stendi tarehe 22 ulizia gari la Dar, uone wapiga debe wanavyokubembeleza, alafu rudi Januari shule zikikaribia kufunguliwa uone wanavyokuringia. Ingekuwa tamaa tupu ingebana pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Hatua ya 4: ingiza serikali. LATRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, wanaweka kikomo cha nauli. Sawa, lakini watu wakiwa wengi kuliko siti uhaba hauishi, unahama tu, unaenda kwenye kukata tiketi mapema sana, kujuana na wakatisha tiketi, au mlanguzi. Bei ikiachiwa siti anapata mwenye hela, ikibanwa anapata mwenye muda au mwenye mtu wake ofisini, na kuchagua kati ya hao ni siasa. Mi binafsi naona faini peke yake hazitoshi, kinachogusa tatizo ni siti kuongezeka: vibali vya muda kwa magari ya ziada, au treni ya Dar–Moshi iliyorudi Desemba 2019.

Hatua ya 5, fupi: kusanya bei mwenyewe. Andika tarehe, upande gari linakoelekea, na hela iliyotoka mfukoni kweli, usinakili ya kwenye tiketi, maana mwezi wa Desemba bei hizo mbili zinaweza zisifanane kabisa.