Daftari la presha la wiki mbili: mpime mzee wako, andika na hali ya moyo

Mama mkubwa wangu wa Ujiji hakubali kwamba mawazo yanapandisha presha. "Presha ni chumvi tu," aliniambia huku akigeuza dagaa juani. Nikamwambia tusibishane, tupime.

1. Mashine iwe ya kufunga juu ya kiwiko. Za kifundo cha mkono siziamini, na zile programu za simu za kuweka kidole ni mchezo wa watoto. Mkanda umtoshe, ukiwa mdogo, namba inapanda bure.

2. Daftari. Tarehe, saa, namba mbili, na neno moja la hali ya moyo: shwari, hofu, hasira, furaha.

3. Kumtuliza. Hapa nilipoteza alasiri nzima. Nilifika nikamfunga mkanda huku tunasalimiana, ikasoma 172 kwa 101. Nikashtuka, akaniona nimeshtuka, kipimo cha pili kikapanda zaidi. Tulipima mara sita, mpaka nikaita bajaji. Kumbe alikuwa katoka kunywa kahawa, kabanwa na mkojo, na ananisimulia ugomvi wake na jirani juu ya mpaka wa kiwanja! Mtu akiwa na hofu au hasira mwili humwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio na mishipa ikabana.

Basi: nusu saa bila kahawa wala sigara. Aende msalani kwanza. Akae kwenye kiti chenye egemeo, si mkekani, nyayo chini, asikunje nne, mkono mezani usawa wa moyo. Dakika 5 kimya, nawe ukiwemo. Redio zima, na wajukuu watoke nje. Pima mara mbili, katikati mpumzike dakika moja. Namba usizisome kwa sauti, geuza mashine ikutazame wewe.

Ila ikifika 180 kwa 120 na ana maumivu ya kifua, anahema kwa shida au upande mmoja umelegea, acha daftari, hospitali hapo hapo.

4. Wiki ya kwanza pima asubuhi kabla ya dawa, na jioni. Siku ya kwanza usiihesabu. Wastani wa nyumbani ukiwa 135 kwa 85 au zaidi, mpelekee daktari daftari lenyewe.

5. Wiki ya pili ongeza jambo moja la kumfurahisha. Moja tu, ukichanganya hutajua lipi limesaidia. Yeye alichagua kusuka ukili jioni na mwenzake. Asiye na mwenzake apumue taratibu, kama pumzi 6 kwa dakika, kwa dakika 10. Dawa haziguswi! Namba zisiposhuka, msikate tamaa, wiki moja ni fupi. Januari 2021 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tamko zima kuhusu uhusiano wa akili, moyo na mwili. Wenye matumaini huelekea kuwa na mioyo yenye afya zaidi. Sehemu ya sababu ni ya kawaida mno: mtu mwenye raha hutembea, hulala, na dawa zake hazisahau.

Kuhusu chumvi mama mkubwa yuko sahihi, na dagaa tumewapunguzia. Lakini kwenye safu ya hali ya moyo siku hizi haandiki neno tena. Anaandika jina la jirani.