Nunua daftari kabla ya usaili unaofuata
Wewe unayehangaika na ajira, nunua daftari dogo. Kila unapotuma maombi andika tarehe, nafasi uliyoomba na vyeti ulivyoambatisha. Ukitoka kwenye usaili, kabla hujapanda daladala, tafuta kivuli ukae uandike maswali yote uliyoulizwa, hasa yale yaliyokukwamisha. Usiku yajibu kwa sauti, kama vile jopo liko mbele yako. Mimi niliitwa mahojiano mara tatu nikakosa. Mara ya nne, swali la pili lilikuwa limo kwenye ukurasa wangu, na sauti haikutetemeka kabisa. Kujiamini kwangu kulianzia hapo, maana maneno ya kutiana moyo nilikuwa nimeshayasikia mengi.

Halafu, kwa walioomba kazi za serikali kupitia Sekretarieti ya Ajira ya Tanzania: kukosa nafasi si lazima uwe umefeli. Waliofaulu mahojiano nafasi zikajaa majina yao huhifadhiwa kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa ya kompyuta, na wapo wanaopangiwa kazi baadaye. Kwa hiyo usibadilishe namba ya simu ovyo, na ingia mara kwa mara kwenye akaunti uliyoombea kazi mtandaoni. Shangazi akiuliza “kazi vipi?”, mfungulie daftari umwonyeshe ulipofika.