Kuchagua Sabufa za Chumba Kikubwa cha Sinema Nyumbani

Kabla ya kwenda dukani, chukua futi kamba. Pima urefu, upana na kimo cha chumba, kisha uzidishe, kwa sababu sabufa inatakiwa kuijaza hewa yote iliyomo ndani. Chumba cha mita 8 kwa 6 chenye dari iliyo mita 3 kutoka sakafuni kina mita za ujazo 144, na ikiwa kimeungana na sehemu ya kulia chakula bila mlango, kama wengi wanavyopenda kujenga siku hizi Mtwara mjini, sehemu hiyo nayo ihesabiwe.

Dukani, puuza kwanza tarakimu kubwa za PMPO, yaani nguvu ya kilele cha muda mfupi sana, zilizoandikwa kwenye boksi, kwa kuwa hazifuati kanuni moja kwa watengenezaji wote. Uliza RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya huweza kuitoa mfululizo, kisha igeuze sabufa usome kibandiko cha nyuma: kifaa kinachovuta wati 60 za umeme hakiwezi kutoa wati 1,000 mfululizo, hata muuzaji aape. Jaribio la dukani nalo lisikushawishi, kwani fremu ya duka ni ndogo, na singeli anayokupigia mara nyingi haishuki hadi zinakoanzia ngurumo za filamu.

Ngurumo hizo hushuka hadi hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde. Kushuka kutoka hezi 40 hadi 20 kwa sauti ileile kunahitaji koni, ile sehemu ya spika inayotetemeka, isukume hewa mara nne, na ndiyo maana koni ya inchi 8 huelemewa katika chumba kikubwa. Anza na inchi 12, ambayo eneo lake ni zaidi ya maradufu ya ile ya inchi 8. Inchi 15 si anasa. Kwa chumba cha namna hii, sabufa yenye boksi la tundu la hewa kwa kawaida hutoa besi nzito zaidi kuliko yenye boksi lililozibwa na nguvu ileile, ingawa huwa kubwa na besi yake hukoma ghafla zaidi chini ya hezi ambazo tundu limetengenezewa.

Jambo linalostahili pesa kuliko yote ni idadi. Kuta za tofali za saruji hurudisha besi badala ya kuimeza, na mawimbi yanayokwenda na kurudi hukutana: mahali fulani huongezeana, pengine hufutana, kiasi kwamba aliyeketi katikati hukosa mdundo unaomtikisa aliyeegemea ukuta. Kuongeza sauti hakutibu hali hiyo. Mwaka 2002 Todd Welti, mtafiti wa kampuni ya Harman ya Marekani, alionyesha kwamba katika chumba cha mstatili sabufa mbili zilizowekwa katikati ya kuta zinazotazamana hupunguza sana tofauti kati ya kiti na kiti. Kwa hiyo, badala ya moja ya kifahari, mimi ningenunua mbili zinazofanana za bei ya wastani, mradi zote zishuke chini vya kutosha. Mwenye uwezo wa moja tu aiweke kwa muda pale anapoketi, acheze besi, kisha atambae kandokando ya kuta. Panaposikika besi safi na sawia ndipo pa kuiweka.

Kwa mitumba kutoka Japani, soma volti kwanza: huko umeme ni volti 100, hapa ni 230, na bila transfoma ya kushusha umeme kifaa kitaungua. Kwa nyumba zilizo karibu na bahari, Lindi au Mikindani, chagua koni yenye ukingo wa mpira, kwa sababu ule wa sponji huoza upesi kwa joto na unyevu.

Ukishaifunga, cheza sauti ya hezi 30 huku ukizunguka chumba, na ukaze kila kioo cha luva na kila ubao wa dari unaolia, kabla ya kuirudisha sabufa dukani kwa kudhani imepasuka.