Kufuma soksi ya askari wa handakini, kuanzia ukingo hadi vidoleni

Soksi ya askari ina kosa moja lisilosameheka: uvimbe wa mshono kwenye vidole. Soksi ya shule ikiwa na uvimbe huo, mtoto atalalamika na kuivua. Askari aliyetembea na buti iliyolowa tangu alfajiri haivui. Uvimbe unasugua, lengelenge linatoka, linapasuka, na kidonda kinabaki ndani ya maji machafu.

Majira ya baridi ya 1914, majeshi yalipokwama kwenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji, maji yaliwafika watu magotini. Mguu uliokaa siku kadhaa kwenye maji baridi ulivimba, ukafa ganzi, ukageuka rangi, na mwingine ukaishia kukatwa. Kinga ilijulikana: kuvua buti, kukausha miguu, kuipaka mafuta ya nyangumi na kuvaa soksi kavu. Kwa hiyo jozi moja haikumtosha mtu. Alihitaji moja mguuni, nyingine mkobani, na nyingine ikikauka. Hesabu hiyo ikizidishwa kwa jeshi zima, inaeleweka kwa nini Uingereza mwaka huo watu walifuma kwenye treni, kanisani na madarasani, na kwa nini Malkia Mary alitoa wito wa jozi 300,000 za soksi. (Miito ya namna hiyo ilikuwa na upande wake mchungu: wanawake waliokuwa wakilipwa kwa kazi ya nguo waliona kazi yao ikifanywa bure na watu wenye nafasi. Mary Macarthur, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wanawake, alilipigania jambo hilo mwezi wa Agosti, na mfuko wa kuwapa wanawake hao kazi yenye malipo ukaanzishwa.)

Maelezo haya ni ya soksi ya mtindo huo, yenye vipimo vinavyomtosha mwanamume wa kiatu namba 42. Ukiifuma kwa ajili ya maonyesho ya shule au makumbusho hapa Mombasa, iweke mahali pake. Askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) wa Vita vya Kwanza walitembea pekupeku, kwa hiyo soksi hii ikiwekwa kando ya picha ya askari wa 1916 itakuwa uongo. Ni ya Mwingereza wa Ufaransa. Kwa watu wetu, buti na soksi ni habari ya Vita vya Pili, ya vijana walioondokea Kilindini kwenda Ceylon (Sri Lanka ya leo) na Burma (Myanmar ya leo). Meli ya Khedive Ismail ilitoka hapa tarehe 5 Februari 1944 na kuzamishwa tarehe 12 karibu na Maldives. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwemo wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki.

Vifaa

Uzi uwe wa sufu, unene unaouzwa kama plai 4, rangi ya kaki au kijivu. Jozi moja inakula gramu 110 hivi. Nunua 150, kwa sababu donge la pili ukilitafuta baadaye huenda rangi isilingane. Madukani mwetu uzi mwingi ni akriliki, na wakati mwingine muuzaji mwenyewe hajui anachouza. Kata kipande cha sentimita 5, kishike kwa koleo na ukichome. Sufu inanuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika kwa vidole. Akriliki inayeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Akriliki inafaa kwa kujifunzia, na ndani ya kabati la kioo hakuna atakayetambua, lakini haina ile sifa iliyoipa sufu kazi vitani: sufu hunywa maji ya karibu theluthi ya uzito wake kabla mguu haujahisi kulowa.

Sindano ni za ncha mbili, milimita 2.5, tano kwa idadi: nne za kazi na moja ya akiba. Wanaochonga sindano kwa spoki za baiskeli wajue kwamba spoki ya kawaida ni milimita 2, nyembamba mno kwa uzi huu. Soksi itakuwa ngumu kama gunia. Chuma kina shida nyingine katika joto letu: mkono ukitoa jasho, sindano inashika kutu na uzi unakwama. Mianzi ni bora. Fuma asubuhi au baada ya alasiri upepo ukianza, na mikono ikilowa paka poda kidogo.

Utahitaji pia sindano butu ya kushonea yenye tundu kubwa, rula, na kipande cha uzi wa rangi nyingine cha kuwekea alama.

Neno moja kwa wale waliozoea krosheti kwa vitambaa vya makochi: usiitumie hapa. Krosheti hutoa kitambaa chenye vifundo kisichonyumbuka, na ndani ya buti kila kifundo ni changarawe.

Sampuli kwanza

Anzisha vitanzi 36, fuma sentimita 12, osha, kausha, kisha pima katikati. Unatafuta vitanzi 30 na mistari 40 katika sentimita 10. Ukipata 27, mkono wako umelegea. Teremka hadi sindano ya milimita 2.25. Ukipata 33, panda hadi 2.75. Usiruke hatua hii. Soksi ina vitanzi zaidi ya 14,000, na hakuna anayependa kuvifumua.

Ukingo na mguu

Anzisha vitanzi 72 ukitumia sindano mbili zilizoshikwa pamoja, ili ukingo ulegee. Ukingo unaobana ni hatari ya kweli: unazuia damu kushuka, na mguu usiopata damu ndio uliooza handakini. Kipimo ni hiki: ukingo upite kisiginoni bila kuuvuta kwa nguvu.

Gawa vitanzi kwenye sindano tatu, 24 kwa kila moja, hakikisha ukingo haujajipinda popote, kisha unganisha na uanze kuzunguka. Funga alama mwanzo wa duru. Hapo ndipo katikati ya nyuma ya mguu. Fuma viwili vya mbele (knit, upande laini), viwili vya nyuma (purl, upande wa vifundo), hadi sentimita 10. Mifereji hii ndiyo inayoishikilia soksi isishuke. Baada yake fuma vya mbele tupu kwa sentimita 6.

Sasa punguza kufuata umbo la mguu: fuma 1, fuma 2 pamoja, endelea hadi vibaki 3, telezesha viwili kimoja kimoja (yaani vihamishe bila kuvifuma) na uvifume pamoja kwa nyuma ya sindano, fuma 1. Zunguka duru 7 bila kupunguza, kisha rudia. Ukipunguza mara nne utabaki na vitanzi 64. Endelea hadi soksi yote ifike sentimita 28 toka ukingoni.

Tatizo la kila mwanafunzi hapa ni ngazi, yaani mistari ya nafasi inayoshuka pale sindano zinapokutana. Wengi wanakaza kitanzi cha kwanza cha sindano, na ngazi inabaki. Kaza cha pili, kwa sababu ndicho kinachokivuta cha kwanza mahali pake.

Kisigino

Chukua vitanzi 16 kila upande wa alama, jumla 32, uviweke kwenye sindano moja. Vile 32 vingine, vya juu ya mguu, vipumzike. Fuma kwenda na kurudi mistari 32. Upande wa mbele: telezesha 1, fuma 1, hadi mwisho. Upande wa nyuma: telezesha 1, vilivyobaki vyote vya nyuma. Kitambaa kinakuwa kinene maradufu, nacho kinastahili, maana kisigino ndicho kinachotoboka kwanza. Leo watu huongeza uzi wa nailoni sehemu hii. Wakati wa vita hivyo nailoni ilikuwa haijabuniwa, kwa hiyo kwa kazi ya maonyesho iache.

Kugeuza kisigino kunatisha kwa macho tu. Mstari wa 1: telezesha 1, fuma 16, punguza kwa kutelezesha viwili kama ulivyofanya mguuni, fuma 1, geuza kazi ingawa vitanzi 12 vimebaki. Mstari wa 2: telezesha 1, vya nyuma 3, viwili vya nyuma pamoja, cha nyuma 1, geuza. Mstari wa 3: telezesha 1, fuma 4, punguza, fuma 1, geuza. Mstari wa 4 ni hivyo hivyo kwa vya nyuma, na vitanzi 5 badala ya 4. Kila mstari idadi ya katikati inaongezeka kwa moja. Utaona pengo dogo kati ya vitanzi vilivyofumwa na vilivyosubiri: kupunguza kunafanyika daima kwa kuliziba pengo hilo, kimoja upande huu na kimoja upande ule. Ukiliona pengo huhitaji tena kuhesabu. Baada ya mistari 14 vinabaki 18, na kitambaa kimejikunja kama kikombe.

Fuma vile 18 vya kisigino, okota vitanzi 16 ubavuni mwake, fuma vile 32 vya juu, okota 16 ubavu wa pili, kisha fuma 9 vya kisigino. Hapo ndipo duru mpya inaanza. Una vitanzi 82: sindano ya kwanza 25, ya pili 32, ya tatu 25. Pembeni kabisa, kisigino kinapokutana na sehemu ya juu, hujitokeza tundu. Okota kitanzi kimoja cha ziada hapo na ukifume pamoja na jirani yake duru inayofuata.

Duru moja punguza, duru moja usipunguze: mwisho wa sindano ya kwanza, vikibaki 3, fuma 2 pamoja kisha 1, ya pili ipite tu, mwanzo wa ya tatu fuma 1, telezesha viwili uvifume pamoja. Mara tisa, na umerudi 64.

Wayo na vidole

Fuma bila kupunguza hadi sentimita 22 kutoka nyuma ya kisigino. Kwa mguu mwingine, toa sentimita 5 kwenye urefu wa soksi unaoutaka. Usifupishe kwa kubania uzi: soksi fupi inakunja vidole, na ndefu inajikunja yenyewe ndani ya buti.

Vidoleni punguza vitanzi vinne kwa duru. Sindano ya kwanza na ya tatu kama ulivyofanya sasa hivi, na ya pili kwenye ncha zake zote mbili. Mara nane ukiacha duru moja katikati, kisha mara nne mfululizo. Vinabaki 16. Fuma vinne vya sindano ya kwanza kwa sindano ya tatu, ili uwe na 8 vya juu na 8 vya chini. Kata uzi ukiacha sentimita 40.

Sasa ule mshono wenyewe. Unaitwa kwa jina la Kitchener, waziri wa vita wa Uingereza tangu Agosti 1914. Inasimuliwa kwamba yeye ndiye aliyeubuni. Ushahidi hakuna, jina limebaki. Kazi yake ni kuunda mstari mpya wa vitanzi kwa sindano ya kushonea, hivi kwamba ukipapasa kwa kidole hupati mahali ulipofungwa.

Shika sindano mbili sambamba, vya juu ya mguu vikiwa upande wako. Kwanza tayarisha: pitisha uzi kwenye kitanzi cha kwanza cha karibu kama unayefuma cha nyuma, ukiache sindanoni, kisha cha kwanza cha mbali kama unayefuma cha mbele, ukiache. Kuanzia hapo, sindano ya karibu: cha kwanza kama cha mbele, kitoe, kinachofuata kama cha nyuma, kiache. Sindano ya mbali: cha kwanza kama cha nyuma, kitoe, kinachofuata kama cha mbele, kiache. Semea kwa sauti: *mbele toa, nyuma acha, nyuma toa, mbele acha*. Usiongee na mtu. Ukikatizwa katikati ya mzunguko hutajua ulipoishia, na kosa la kitanzi kimoja linaonekana kama kovu. Usivute uzi wakati wa kushona. Ukimaliza, kaza kitanzi baada ya kitanzi kwa ncha ya sindano mpaka ulingane na mistari jirani. Mkia ufiche ndani kwa kuupitisha nyuma ya vitanzi. Fundo usifunge popote.

Soksi ya pili

Hesabu duru za ya kwanza na uziandike. Kupima kwa rula hakutoshi, kwa kuwa kitambaa hunyumbuka, na kila askari alihitaji jozi, si soksi mbili zinazofanana kwa mbali.

Osha kwa maji baridi na sabuni laini, bila kusugua wala kukamua kwa kusokota. Tahadhari na maji ya bomba adhuhuri: tangi jeusi la juu ya paa huwa limekwisha kuyachemsha, na sufu ikipata joto na msuguano inajikaza, inakuwa nene na ndogo, wala hairudi tena. Chota maji alfajiri. Zungushia soksi taulo, kanyaga, kisha itandaze kivulini. Msimu wa mvua ya masika inaweza kuchukua siku tatu kukauka, na ikihifadhiwa ina unyevu hata kidogo itaota ukungu.

Ikikauka kabisa, shikiza jozi kwa mshono mmoja mlegevu ukingoni ili zisipotezane, na uiweke bapa sandukuni pamoja na majani makavu ya mwarobaini yaliyofungwa kwenye kitambaa. Badilisha majani harufu ikiisha, na kila mwezi fungua uikague yote, isije ikaliwa na nondo.