Somo: Namna ya kuchagua na kunywa Porto iliyokomaa

Kila mara naulizwa swali lilelile: chupa imeandikwa 20, je, ina miaka 20? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika mara moja, tena kwa kirefu pale panapostahili.

Porto ni mvinyo wa bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno, eneo lililowekewa mipaka tangu 1756. Maji ya zabibu yakiwa bado yanachacha, humiminiwa pombe kali ya zabibu yenye kilevi cha asilimia 77. Hamira hufa kabla haijamaliza sukari. Ndiyo maana mvinyo huu ni mtamu na bado una kilevi cha asilimia 19 hadi 22.

1. Soma lebo. Porto aina ya Tawny imezeekea ndani ya pipa, ikivuta hewa kidogokidogo, hivyo rangi imegeuka hudhurungi na harufu ni ya njugu na tini kavu. Namba 10, 20, 30 au 40 ni ya mchanganyiko wa miaka mbalimbali wenye ladha ya umri huo. Colheita ni Tawny ya mavuno ya mwaka mmoja, iliyokaa pipani angalau miaka 7. Vintage, nayo ya mavuno ya mwaka mmoja, hukaa pipani kama miaka 2 tu, kisha huzeekea chupani kwa miongo. Anayeanza achukue Tawny ya 20: bado ina tunda, na uzee unasikika.

2. Kwenye Tawny tafuta mwaka wa kutiwa chupani. Chagua wa karibuni, kwa sababu ikishatoka pipani haiboreki tena.

3. Vintage ilaze gizani, mbali na joto.

4. Mashapo. Hapa niliharibu chupa ya Vintage ya 1985. Niliitoa ilipolala, nikaizibua palepale na kumimina. Kizibo kilikatika nusu, na glasi za mwisho zilitoka kama maji ya mto baada ya mvua. Chembe zilikwaruza meno na uchungu ukabaki ulimini. Miaka yote ile ya kungoja ikapotea kwa dakika tano. Isimamishe chupa siku nzima kabla, mbili ni bora zaidi. Kizibo kikongwe kitoe kwa kizibuo cha vyuma viwili bapa vinavyopita pembeni, si cha msumari wa kuzunguka. Mimina kwenye jagi la kioo kwa mkono mmoja usiotetereka, tochi ikimulika shingo kwa chini. Ukiona uzi mweusi unakaribia mdomo wa chupa, acha. USIINUE chupa katikati ya kumimina: ukishaanza, endelea hadi uzi huo utokee.

5. Ubaridi: Tawny nyuzi 12 hadi 14, Vintage 16 hadi 18.

6. Glasi yenye tumbo, ijae theluthi tu.

MASWALI

Swali: Kwa hiyo 20 ni miaka 20 kamili?
Jibu: Hatua ya 1.

Swali: Mkuu, Vintage yangu niliifungua wiki tatu zilizopita, sasa haina ladha. Nimeuziwa feki?
Jibu: Muuzaji hana kosa. Vintage kongwe ikifunguliwa inywe siku hiyohiyo au kesho yake. Inayovumilia wiki kadhaa kwenye friji ni Tawny, maana imeshaizoea hewa pipani.

Swali: Mbona mnajisumbua na tochi? Mimi nachuja tu.
Jibu: Chujio hukamata chembe kubwa, vumbi laini, ambalo ndilo chungu, linapita. Nimejaribu yote mawili.

Swali: Samahani mkuu, kwa nini Vintage ina mashapo na Tawny haina?
Jibu: Swali zuri sana hili. Rangi na ukakasi wa maganda ya zabibu hushikana polepole, vikawa vizito na kuzama. Kwenye Tawny jambo hilo hutokea pipani, na mvinyo husafishwa kabla ya kutiwa chupani. Vintage hutiwa chupani ikiwa changa bila kuchujwa, kwa hiyo kila kitu hutuama humo humo. Jaribu zote mbili na jibini ya bluu, chumvi yake huamsha utamu.

Swali: Na Madeira, ule mvinyo wa kisiwa cha Madeira cha Ureno, nayo ilazwe?
Jibu: Hapana, isimamishe. Ina ukali wa ndimu unaokula kizibo, na kwa kuwa imeshapitishwa kwenye joto na hewa ikitengenezwa, kizibo kikikauka kidogo haidhuriki. Hata ikifunguliwa hukaa miezi.