Somo: Kumeza dawa mseto ya malaria kwa saa zake

Ndugu wanachama, somo la leo linahusu dawa ambayo nyumba nyingi za Tanzania zimewahi kuipokea, yaani dawa mseto ya malaria, ALu, yenye artemetha na lumefantrini ndani ya kidonge kimoja. Nimeichagua kwa sababu katika kazi yangu ya kutoa dawa dirishani nimekutana na wengi wanaoijua vizuri kwa jina lakini wanaikosea kwenye saa, kisha wanarudi baada ya wiki mbili wakilalamika kwamba haikuwaponya.

Hatua ya kwanza: pima. Homa si malaria peke yake, kwani nimonia na maambukizi ya njia ya mkojo nayo huja na homa. Kipimo cha haraka huhitaji tone moja tu la damu ya kidoleni, na majibu hupatikana muda si mrefu. Anayemeza ALu bila kupima anaupa ugonjwa halisi siku tatu za kukomaa.

Hatua ya pili: jieleze kabla ya kupokea dawa. Dozi hupangwa kwa uzito. Mwenye kilo 35 na kuendelea humeza vidonge 4 kwa kila mara, jumla 24. Kilo 25 hadi chini ya 35 ni vidonge 3. Kilo 15 hadi chini ya 25 ni vidonge 2. Na mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 ni kidonge 1. Taja pia dawa nyingine unazotumia, hata kama zimetoka kituo kingine. Rifampisini ya kifua kikuu na efavirenzi ya virusi vya UKIMWI hupunguza nguvu ya ALu mwilini, na baadhi ya dawa za moyo zikichanganywa nayo huweza kuvuruga mapigo. Mjamzito aseme wazi kwamba ana mimba, na ya miezi mingapi.

Hatua ya tatu: hesabu saa. Hapa ndipo penye kosa kubwa, na naomba msomaji atulie. Juu ya pakiti huandikwa «4×2», na mgonjwa huelewa kwamba ni asubuhi na jioni kwa siku zote tatu. Sivyo kwa siku ya kwanza: dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza, bila kujali kama jua limezama au la. Ukianza saa mbili asubuhi, dozi ya pili ni saa kumi jioni. Siku ya pili na ya tatu ndipo unapomeza saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Ukipewa dawa saa nane mchana, dozi ya pili ni saa nne usiku, na kama mgonjwa amelala, mwamshe. Kwa jumla ni mara sita. Mimi huwaandikia wagonjwa saa hizo kwenye pakiti kwa kalamu, na nawasihi mdai hivyo popote mnapopewa dawa, kwa sababu hata «2×3» ya viuavijasumu haina maana ya chai, chakula cha mchana na cha usiku, bali kila baada ya saa 8.

Hatua ya nne: imeze na chakula chenye mafuta. Lumefantrini hufyonzwa vizuri zaidi tumboni penye mafuta. Maziwa, karanga, parachichi au chapati vinatosha, na mama anayenyonyesha anaweza kumnyonyesha mtoto mara baada ya kumpa dawa.

Hatua ya tano: maliza zote. Artemetha huua vimelea vingi kwa haraka lakini hutoka mwilini ndani ya saa chache. Lumefantrini ndiyo hubaki kwa siku kadhaa ikimalizia waliosalia. Ndiyo maana homa hushuka mapema ilhali kazi haijakwisha. Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001 kwa sababu ya usugu, yaani vimelea kutosikia dawa, na dalili za usugu dhidi ya artemisinini, kundi la dawa ambamo artemetha imo, zimeshathibitishwa mkoani Kagera.

Mgonjwa akipata degedege, akipoteza fahamu, akitapika kila kitu au akishindwa kunywa, apelekwe hospitali mara moja.

Maswali ya wanachama

*Mwanangu ametapika nusu saa baada ya kumeza. Nifanye nini, mwalimu?*
Mrudishie dozi hiyo nzima, kwa kuwa ametapika kabla ya saa moja kupita. Kisha, mama, nenda kituoni ukaongezewe vidonge ili mwisho visipungue. Akitapika tena, usimpe mara ya tatu nyumbani. Mpeleke akatibiwe kwa sindano.

*Nilisahau dozi ya jioni. Nimeze mbili kwa pamoja asubuhi?*
Hapana, ndugu yangu. Meza iliyosahaulika mara ukumbukapo, kisha endelea hadi mara zote sita zitimie.

*Nimebakiza vidonge 8 na mdogo wangu ana homa. Nimpe?*
Hivyo ni sehemu ya dozi yako ambayo hukuimaliza, na kwake huenda visitoshe hata kama ana malaria. Nendeni kituoni nyote wawili leo: yeye apimwe, na wewe uwaeleze ulipoishia.

*Nilimaliza dozi wiki mbili zilizopita, ila kipimo cha kidoleni bado kinaonyesha malaria. Je, dawa ilikuwa bandia?*
Si lazima, dada. Kipimo hicho hutafuta protini ya vimelea, nayo huweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea wenyewe kufa. Kama homa imerudi, omba damu ipimwe kwa hadubini, kwani huko huonekana vimelea wenyewe, na uwaambie ulimeza dozi zako saa ngapi na ulikula nini.