Ukipepeta mchele, mpe mwanao ungo wake

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hivi akikuzonga jikoni, usikimbilie kumpa simu. Mpe ungo mdogo, au sufuria na mwiko, akae karibu nawe, kisha msimulie unachofanya: "Mama anapepeta. Hii chuya, tunaitupa." Akisema "maji", mwongezee neno moja tu: "Maji baridi." Akisema "gari", mjibu: "Gari limeondoka." Kwa njia hiyo anaizoea sentensi ya maneno mawili, ambayo watoto wengi huifikia wanapotimiza miaka miwili.

Kazi ngumu ni kunyamaza. Ukishamuuliza kitu, hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla hujamjibia. Mimi nilikuwa sifiki hata mbili.

Bibi akimsemesha Kichaga na ninyi Kiswahili, mwacheni bibi aendelee. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema. Kuhusu skrini, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele yake kabisa, na wa miaka miwili asizidishe saa 1 kwa siku.

Punje za maharage na karanga ziwe mbali na mikono yake, maana zinapalia. Na akitimiza miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, au haitiki akiitwa, mpeleke kliniki wamchunguze, masikio yakiwemo. Msingoje eti kwa sababu mjomba wake naye alichelewa kusema.